Boksi la Usukani Lisihukumiwe Kwanza

Barabara itokayo Mbeya kwenda Chunya ina urefu wa kilometa 72. Huanza kwa kupanda, ikaupenya msitu wa Kawetere, ikapita ukingoni mwa milima ambapo macho huliona bonde la Usangu likitandaa chini, kisha huteremka kwa kona nyingi kupitia Lwanjilo hadi kwenye nchi ya joto ya Lupa. Njia hiyo ilipata umuhimu kwa sababu ya dhahabu, hasa katika miaka ya 1930, wakati watafutaji walipomiminika Lupa kutoka kila upande. Kwa miaka mingi ilikuwa njia ya vumbi na makorongo. Leo ina lami, nasi tunaifurahia lami hiyo kama wanavyoifurahia wenyeji.

Lakini lami imeleta jambo ambalo halijazungumzwa vya kutosha. Gari kuukuu lenye usukani uliolegea lilikuwa likijikongoja vumbini kwa mwendo wa kinyonga, na dereva alipata muda wa kulirudisha njiani kila lilipotanga. Sasa gari lile lile huteremka Kawetere kwa kasi. Kulegea ambako jana kulikuwa kero tu, leo kwaweza kuua.

Msomaji wa Unguja au Pemba atauliza: Chunya yatuhusu nini sisi wa visiwani? Yatuhusu sana. Land Rover zile zile zilizohudumia mashamba, hospitali na ofisi za Bara zilihudumia pia visiwa vyetu, na ziko zinazotembea hadi hivi leo. Adui ndiye anayetofautiana. Chunya ni vumbi, liingialo penye kila mpira uliopasuka na kusaga chuma kama tupa. Visiwani ni chumvi ya bahari, ambayo hula chuma kimya kimya.

Katika gereji moja mjini Chunya tulikuta Land Rover 109 ya Series III, aina iliyotengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985, mali ya taasisi moja ambayo hatutaitaja. Dereva alikuwa ameandika katika daftari la gari, zaidi ya mara moja, kwamba usukani unazunguka kitambo kabla ya magurudumu kuitika. Hatimaye ofisi ilijibu kwa kununua boksi jipya la usukani. Fundi, mzee mwenye maneno machache, alilitazama boksi lile likiwa sandukuni, akaliweka kando. “Kwanza tumwulize mgonjwa,” alisema.

Namna alivyomwuliza mgonjwa huyo ndiyo iliyotufanya tuandike makala haya, kwani haikuhitaji chombo chochote cha thamani.

Gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, alimwambia dereva auchezeshe usukani kushoto na kulia, kidogo kidogo, pasipo kukoma. Yeye akalala chini ya gari na kushika kila kiungo kwa mkono. Series ina boljointi sita: mbili katika fito itokayo kwenye boksi hadi rilei, mbili katika fito itokayo kwenye rilei hadi gurudumu, na mbili katika tairodi iunganishayo magurudumu mawili ya mbele. Kiungo kizima husukuma mwenzake papo hapo. Kilichokwisha hutikisika kwanza ndani ya kikombe chake, ndipo kikasukuma. Mkono huhisi tofauti hiyo kabla jicho halijaiona. Katika sita zile, mbili zilikuwa zimekwisha kabisa, na mipira yao ya kukinga vumbi ilikuwa imechanika siku nyingi.

Kisha aliinua gurudumu kwa jeki, akaliweka gari juu ya vigingi imara, akalishika gurudumu juu na chini na kulitikisa. Lilicheza. Hapo mafundi wengi wangekimbilia kingipini. Mzee alimwita dereva akanyage breki, akatikisa tena, na mchezo ukatoweka. Maana yake ni kwamba kasoro ilikuwa katika beringi za gurudumu, ambazo zilihitaji kukazwa na kutiwa grisi. Kama mchezo ungebaki breki ikiwa imekanyagwa, ndipo kingipini ingekuwa na hatia. Kanyago moja la breki liliokoa kazi ya siku nzima.

Akaangalia pia bolti zinazoshika springi kwenye ekseli, na bushi za springi zenyewe, kwa kuwa ekseli inayotembea mahali pake huufanya usukani mzima uonekane mgonjwa.

Ilibaki rilei, yaani mhimili uliosimama ndani ya bomba la chesisi nyuma ya grili. Hiki ndicho kiungo kinachosahauliwa kuliko vyote. Hutaka oili, na watu wachache hukumbuka kuiongeza. Ndani mna springi yenye nguvu nyingi, ambayo imewajeruhi mafundi waliofungua kwa pupa. Kwa wenzetu wa visiwani twaongeza jambo hili: kutu huishikamanisha rilei na chesisi hata isitoke kwa nyundo wala kwa moto. Atakayeikuta ingali nyepesi na aijaze oili mapema.

Tuligusie na boksi. Lina skrubu ya kurekebisha, na skrubu hiyo ni kishawishi kikubwa. Mtu akiona usukani umelegea huikaza, na kweli mchezo hupungua. Lakini kama ubovu ulikuwa katika boljointi, amelibana boksi zima kwa kosa la jirani. Usukani huwa mzito, haurudi wenyewe baada ya kona, na gia za ndani huanza kulika. Tunaamini kwamba maboksi mengi yametupwa kwa dhambi ambayo si yao.

Boljointi mpya zikitiwa, nyuzi za zile kuukuu huhesabiwa kwanza wakati wa kuzifungua, ili urefu wa tairodi usipotee. Nati hufungiwa pini mpya. Msumari uliopindwa hautoshi. Kuchomelea mkono wa usukani ni jambo ambalo halina udhuru. Baadaye magurudumu hupimwa. Series, ambayo kwa kawaida husukumwa na magurudumu ya nyuma, hutaka yale ya mbele yakaribiane kidogo kwa upande wa mbele, milimita 1.2 hadi 2.4, kwa sababu yakiwa mwendoni hutaka kuachana. Land Rover 110 iliyoanza mwaka 1983 huvutwa na magurudumu yote manne daima, nayo hutaka kinyume chake. Fundi asiyejua tofauti hiyo atamaliza matairi mapya kwa muda mfupi na kuilaumu barabara.

Kwa wakuu wa ofisi tuna ombi moja. Dereva anapoandika kwamba usukani umelegea, maneno yake yasigeuzwe moja kwa moja kuwa hati ya kununulia kifaa. Yawe hati ya ukaguzi kwanza, na mkaguzi aandike ni kiungo kipi alichokishika kwa mkono wake. Tena dereva aandike mapema, maana aliyezoea gari moja huzoea hata kasoro zake. Mikono humrekebishia njia bila yeye kujua, mpaka siku atakapopewa gari hilo mgeni.

Land Rover tuliyoiona ilitengenezwa siku ile ile: boljointi mbili, grisi ya beringi, na oili ya rilei. Dereva aliipeleka hadi kwenye miinuko ya Lwanjilo na kurudi, kisha fundi akazikagua nati zote mara ya pili. Tulipoondoka, boksi jipya lilikuwa bado sandukuni, na karani wa stoo alikuwa akiulizia namna ya kulirudisha dukani.