Kufunga Tela na Zana Nyuma ya Trekta

Kila mwaka, mvua za masika zinapokwisha, njia za mashamba ya miwa huko Ruaha, wilayani Kilosa, hujaa matrekta. Ng'ambo ya mto Ruaha Mkuu kuna Kidatu, na kila upande wa mto una miwa mingi. Trekta huvuta matela yaliyojaa miwa na kuyapeleka katika viwanda vya sukari vya Kilombero. Miwa ikishakatwa haifai kukaa, kwa sababu sukari iliyomo hupungua siku hata siku. Kwa hiyo madereva na wasaidizi wao hufanya kazi kwa haraka. Lakini iko kazi moja isiyotaka haraka hata kidogo, nayo ni kufunga tela au jembe nyuma ya trekta.

Wewe bado hujafikia umri wa kufanya kazi hiyo. Hata hivyo sayansi yake unaweza kuielewa sasa, na pengine utakuwa karibu wakati watu wazima wanapoifanya.

Tuanze na jaribio. Tafuta tofali moja na kamba ya urefu wa mita mbili. Lisimamishe tofali wima juu ya ardhi ngumu. Lifunge kamba karibu na ncha ya juu, kisha rudi nyuma, uchutame, uvute polepole huku kamba ikiwa sambamba na ardhi. Tofali litafanya nini? Litaangukia upande wako. Sasa lisimamishe tena, lakini kamba uiteremshe mpaka iwe karibu kabisa na ardhi. Vuta. Safari hii tofali halianguki, bali linateleza. Uzito wa tofali haukubadilika, wala kamba si nyingine. Kilichobadilika ni kimo cha mahali ulipofunga kamba.

Trekta lina tabia kama ya tofali hilo. Injini huzungusha magurudumu makubwa ya nyuma, nayo hushika ardhi kwa msuguano na kulisukuma trekta mbele. Wakati huo huo tela huvuta kuelekea nyuma. Nyuma ya kila trekta, chini ya ekseli ya magurudumu makubwa, kuna chuma kinene chenye tundu. Hicho ndicho chuma cha kuvutia, na kimewekwa chini kwa makusudi. Mzigo uliofungwa hapo ni sawa na kamba iliyofungwa chini ya tofali.

Sasa fikiri juu ya dereva ambaye tela lake limekwama katika tope. Anachukua mnyororo na kuufunga juu, kwenye ekseli au karibu na kiti, kwa kuwa anaona hapo ni rahisi kupafikia. Anatia gia na kuongeza moto. Tela halisogei, na magurudumu ya nyuma yameshika ardhi hayazunguki, lakini injini inazidi kujitahidi. Kwa kuwa magurudumu hayawezi kuzunguka, trekta lenyewe huanza kuizunguka ekseli yake. Magurudumu ya mbele huacha ardhi, na trekta huinuka kama mbuzi anayesimama kwa miguu ya nyuma ili ale majani ya mti. Kisha humwangukia dereva. Yote hayo huweza kutokea katika muda usiofika sekunde mbili, naye dereva hana nafasi ya kukanyaga klachi. Matrekta mengine yana fremu ya chuma ya kumkinga dereva, lakini mengi ya zamani hayana.

Hatari hiyo ilijulikana tangu matrekta ya kwanza. Jembe lililofungwa kwa mnyororo lilipogonga jiwe au kisiki, trekta liliinuka. Harry Ferguson, fundi wa Ayalandi aliyezaliwa mwaka 1884, alilifikiria sana jambo hili. Badala ya kulikokota jembe nyuma kama gari, alilishikamanisha na trekta kwa mikono mitatu, miwili chini na mmoja juu katikati. Jembe linapogonga kisiki, mkono wa juu husukuma trekta mbele na kulizuia lisiinuke. Matrekta yenye mikono hiyo yalianza kuuzwa mwaka 1936, na leo mikono mitatu hutumika duniani kote. Ukilitazama trekta lolote lenye jina Massey Ferguson, jina la pili ni la fundi huyo.

Kufunga jembe kwenye mikono mitatu kuna utaratibu wake. Dereva hurudi nyuma polepole na kulizima trekta baada ya kuvuta breki. Kwanza hufunga mkono wa chini wa kushoto. Kisha hufunga wa kulia, ambao kwa kawaida una mpini wa kuuinua na kuushusha mpaka ulingane na jembe. Mkono wa juu hufungwa mwisho. Wakati wa kufungua, huanza na ule wa juu. Kila pini hutiwa pini ndogo ya kuizuia isichomoke.

Kufunga tela huonekana rahisi zaidi, na huenda ndiyo sababu watu hulifanyia mzaha. Kwanza magurudumu ya tela huwekewa mawe au vigogo, mbele na nyuma, ili lisisogee. Halafu dereva hurudi nyuma. Hapa ndipo msaidizi hukosea. Husimama katikati, trekta likiwa mgongoni na tela mbele yake, ili aelekeze tundu kwa tundu. Mguu wa dereva ukiteleza kwenye klachi, msaidizi hana pa kukimbilia. Inampasa asimame kando, mahali ambapo dereva anamwona, na aelekeze kwa mikono. Trekta likisimama na breki ikivutwa, ndipo aingie. Kama mkono wa tela uko chini mno, huinuliwa kwa jeki. Tena asichunguze tundu kwa kidole. Tela likisogea kidogo tu, kidole hukatwa.

Pini hutiwa kutoka juu kwenda chini, ili uzito wake wenyewe uishikilie, na chini yake hutiwa pini ndogo, maana mashimo ya njia hurusharusha kila kitu. Wako watu ambao pini ikipotea hutumia kipande cha nondo. Nondo ni nyembamba kuliko tundu, hucheza, hupinda, na siku moja hukatika. Tela la miwa likijitenga mlimani hurudi chini peke yake, bila dereva na bila breki. Kwa sababu hiyo hufungwa pia mnyororo wa akiba.

Hata upakiaji una sayansi. Tela la magurudumu mawili ni kama ubao wa pembea, na ekseli yake ndiyo egemeo. Miwa ikilundikwa nyuma mno, mkono wa tela huinuka na kuinua sehemu ya nyuma ya trekta, na magurudumu makubwa hupoteza msuguano. Mzigo uegemee mbele kidogo. Na kabla ya kuteremka mlima dereva huingiza gia ndogo, kwa kuwa tela zito husukuma. Kutoa gia ili trekta literemke lenyewe ni kosa kubwa.

Zana nyingine huzungushwa na shafti inayotoka nyuma ya trekta. Katika matrekta mengi shafti hiyo huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara tisa kwa sekunde. Ikinasa pindo la kanga, huizungusha nguo yote pamoja na aliyeivaa. Shafti isiyo na kifuniko isikaribiwe kabisa.

Limebaki jambo linalowahusu ninyi wenyewe. Wako watoto wanaokimbilia matela ili wachomoe miwa, na wengine hukanyaga mkono wa tela, kati yake na trekta, ili wapande. Dereva hawaoni, mbele yake kuna njia na nyuma yake kuna ukuta wa miwa. Anayeteleza kutoka pale huanguka mbele ya gurudumu la tela.

Maswali

1. Kwa nini chuma cha kuvutia kimewekwa chini ya ekseli?
2. Rudia jaribio la tofali ukifunga kamba katikati. Eleza ulichoona.
3. Chora tela la magurudumu mawili. Onyesha egemeo, na mahali ambapo mzigo mwingi unapaswa kuwa.
4. Msaidizi asimame wapi trekta linaporudi nyuma? Toa sababu.