Nakala Iliyo Mbali: Imefika au Haijafika?

Usiku wa manane, tarehe 10 Machi 2021, moto ulizuka mjini Strasbourg, Ufaransa, katika jengo la kompyuta la kampuni ya OVHcloud. Jengo hilo, lililoitwa SBG2, liliteketea lote, na la jirani likaungua sehemu. Hakuna mtu aliyeumia. Lakini wapo wateja waliopoteza kumbukumbu zao moja kwa moja, kwa kuwa hawakuwa na nakala mahali pengine.

Ndiyo maana maghala makubwa ya kumbukumbu hujengwa mahali mbalimbali. Kila hati au picha hupewa jina lake, huwekwa katika ghala la kwanza, kisha nakala yake hupelekwa la pili. Katika mitambo mingi ghala la kwanza halingoji. Humjibu mwenye mali kwamba limepokea, hali nakala ingali njiani. Hapo ndipo penye hatari.

Mathalani, njia ipitishayo biti bilioni 1 kwa sekunde haiwezi kubeba zaidi ya gigabaiti 450 kwa saa. Endapo ofisi zaandika gigabaiti 500 kila saa kwa muda wa saa 8, jioni gigabaiti 400 zitakuwa foleni, na hati ya mwisho itangoja dakika 53 hivi. Ghala likiungua wakati huo, foleni yote huenda nalo.

Kwa hiyo msimamizi hodari hatosheki na kuhesabu vitu vilivyo foleni. Huuliza umri wa kile kilichongoja kuliko vyote, kwani foleni fupi isiyosogea ni mbaya kuliko ndefu iendayo mbio. Tena hutuma kitu kidogo cha majaribio kila baada ya dakika chache, na kupima muda kinaochukua hadi kuonekana upande wa pili. Njia hii yaonekana ya kitoto, lakini hufichua kasoro ambazo mtambo wenyewe hauzitangazi.

Na kufika si kufika salama. Kila kitu hufanyiwa hesabu itoayo namba fupi; namba za pande mbili zikitofautiana, mojawapo imeharibika. Hesabu hiyo hurudiwa hata kwa vitu vya zamani, maana diski huweza kuharibika kimyakimya.

Amri ya kufuta ni taabu nyingine. Ikiruhusiwa kusafiri kama nakala, kosa la mtu mmoja hufagia maghala yote mawili. Ndiyo sababu matoleo ya zamani huhifadhiwa kwa siku kadhaa kabla ya kuondolewa.