HOMA YA INI YA C: MARADHI YAKAAYO KIMYA MWILINI



Twapenda kueleza habari za homa ya ini ya C, kwa sababu mtu aweza kukaa nayo miaka mingi asijue, na hali dawa yake iko.

Ini lina kazi nyingi. Husafisha damu, hutengeneza nyongo, huweka akiba ya chakula, na hutoa vitu viifanyavyo damu igande mtu ajikatapo. Maradhi haya huletwa na kirusi, kijidudu kisichoonekana kwa macho, ambacho wataalamu walikigundua mwaka 1989. Kikiingia katika damu hukaa katika ini na kuzaana humo.

Walio wengi hawaoni lolote mwanzoni. Wachache hupata homa, uchovu, kichefuchefu, au macho kuwa manjano. Katika watu 100, kiasi cha 30 miili yao hukishinda kirusi ndani ya miezi 6 bila ya dawa. 70 waliobaki hukaa nacho. Mkulima aweza kuuona mkarafuu una majani mazima, kumbe mizizi inaoza. Na ini ni vivyo hivyo. Mwaka baada ya mwaka hufanya makovu, na kwa baadhi ya watu huwa gumu likashindwa na kazi yake. Hapo tumbo hujaa maji, miguu huvimba, mtu aweza kutapika damu, na wengine hupata saratani ya ini.

Kirusi hiki hupita kwa damu. Huko Misri, tangu miaka ya 1950 hadi mwanzo wa miaka ya 1980, watu walipigwa sindano za kutibu kichocho, maradhi tuyajuayo sote visiwani. Nia ilikuwa njema, lakini sindano moja ilitumiwa kwa watu wengi bila ya kusafishwa vya kutosha, na homa ya ini ikaenea vijijini. Mwaka 2018 na 2019 nchi hiyo ilipima watu karibu milioni 50, na walioonekana kuwa na maradhi wakatibiwa.

Basi twanasihi hivi. Wembe wa kunyolea, wa kupigia chuku au wa kutahiria usitumiwe kwa watu wawili. Wachumaji wakaao kambi moja, kila mmoja awe na wembe na mswaki wake. Sindano iwe mpya. Kula sinia moja na kupeana mikono hakuambukizi, kwa hiyo mgonjwa asitengwe.

Chanjo yake haijapatikana. Lakini vidonge vya siku hizi, vikimezwa majuma 12 hadi 24 kwa amri ya daktari, huponya zaidi ya watu 95 katika 100. Makovu makubwa huenda yasiondoke yote, ndiyo maana kuwahi ni bora. Aliyepata kuchanjwa kwa wembe wa shirika, au kutiwa damu zamani, na aende spitali akapimwe, ijapokuwa hajisikii vibaya.



Katibu