Chombo Kilichozama Ziwa Tanganyika Hulindwa na Nini?

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikifuata kwa sehemu kubwa njia ya zamani ya misafara. Ndiyo iliyobeba meli ya Kijerumani Graf von Götzen, vipande vipande, katika makasha yapatayo 5,000. Julai 1916 Wabelgiji walipokaribia, Wajerumani waliizamisha wenyewe jirani na Kigoma: mafundi wakapaka mitambo grisi nzito, wakaijaza meli mchanga na kuishusha taratibu. Wabelgiji waliiopoa, ikazama tena kwa dhoruba. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, injini na boila zilikuwa bado zinafaa. Mei 1927 ikarudi majini kwa jina la Liemba.

Grisi imesifiwa mno katika kisa hiki. Mimi ningesifu zaidi mahali ilipolazwa. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470 hivi, na sehemu nyingi sakafu yake huporomoka ghafla karibu tu na ufuko. Meli ililazwa pasipo na kina kirefu, wapiga mbizi wakaweza kuifikia. Maji nayo yalisaidia: si ya bahari, yana magadi na chumvi kidogo tu, na chuma hakiliki humo kama kinavyolika baharini.

Mbao pia zina nafuu humo. Pwani kuna kiumbe wa jamii ya chaza, mwembamba kama mnyoo, anayetoboa mbao mpaka zigeuke chujio. Ndiyo maana majahazi hupakwa deheni. Maji yasiyo ya bahari hayampendezi. Tena kwenye vilindi vya ziwa hakuna oksijeni kabisa, kwa hiyo ubao huoza polepole mno. Ila nani ataufuata huko?

Tope lina tabia mbili. Mto Malagarasi hushusha udongo mwingi ziwani, na chombo kilichofukiwa humo hukingwa dhidi ya hewa na mawimbi. Lakini kifaa cha kutafutia kwa mawimbi ya sauti, ambacho husoma mwangwi na kivuli cha kitu kilichoinuka, hupita juu yake kikaonyesha sakafu tupu. Penye miamba kinachanganya zaidi, kwa kuwa kila jiwe linajifanya meli. Chuma kilichofukiwa hutafutwa kwa kifaa cha kupima usumaku.

Kuhusu madau ya wafanyabiashara wa Ujiji, bandari ya misafara ziwani humo, tatizo ni jingine. Mwaka 1878 ziwa lilipasua kizuizi cha mto Lukuga upande wa Kongo, na katika miaka iliyofuata likashuka takriban mita 10. Mnara wa Livingstone na Stanley, waliokutana Ujiji mwaka 1871, sasa uko mbali na maji. Bandari ya enzi za misafara imebaki nchi kavu, na ubao uliokauka ni chakula cha mchwa. Uliosalia, kama upo, utakuwa kwenye udongo wa mfinyanzi usiokauka mwaka mzima. Kwa hiyo anayetafuta dau la misafara asianze na boti. Aanze na sepetu, kwenye mabonde yenye majimaji kati ya mnara na ufuko wa leo, akiangalia misumari na nanga kabla ya mbao.