Deni la Hoteli Iliyofungwa Makina

Katika mtaa wa Makina, Kibera, kuna kufuli moja lililoshika kutu ambalo limeniondolea raha tangu Shaaban iliyopita. Limefunga mlango wa mabati wa hoteli ambayo zamani haikufungwa ila usiku umekwenda sana. Benchi la nje limebaki miguu miwili, na mahali palipokuwa jiko la makaa pameota magugu. Nilisimama hapo kitambo, watu wakipita huku na huku, wala hapana aliyeutazama mlango ule ila mimi.

Wengi wetu huku pwani tukisikia jina la Kibera, hufikiria mabati na msongamano wa watu. Wachache hukumbuka kwamba ni miongoni mwa makao ya kale ya Waislamu mjini Nairobi. Askari wa Kinubi, wenye asili ya Sudan, waliolitumikia jeshi la Waingereza la King's African Rifles, waliwekwa pale mwanzoni mwa karne ya 20, na jina lenyewe limetokana na neno la lugha yao lenye maana ya msitu. Wajukuu zao wangalipo hadi leo, na mwaka 2017 serikali iliikabidhi jamii yao hatimiliki ya ekari 288 za ardhi hiyo.

Mimi nilifika huko nikiwa kijana, kusomesha watoto chuoni. Mshahara wangu ulikuwa mdogo, tena ulikuja kwa kuchelewa. Aliyenilisha ni mama mmoja wa Kinubi, mwenye hoteli hiyo. Hoteli haikuwa na kibao. Sote tukiiita Kwa Mama. Alfajiri, baada ya sala, wangekuja vijana wanywe chai kabla ya kushika njia ya reli kwa miguu kwenda kutafuta vibarua Industrial Area. Mchana palikuwa na maharagwe, mchicha, nyama ya mchuzi, na gurusa, mkate wa Kinubi mwembamba unaofanana na chapati zetu za maji. Mwezi wa Ramadhani, kabla ya adhana ya magharibi, alitandika mkeka nje akaweka uji na tende, na asiye Mwislamu aliyepita naye akakaribishwa.

Asiyekuwa na pesa alikula pia. Mama alikuwa na daftari lenye jalada gumu, akaandika jina na kiasi, kisha akaligeuza daftari ili mdeni asome mwenyewe. "Maalim, soma," alikuwa akiniambia, "nisije nikakudhulumu." Yeye ndiye aliyekuwa akidai, na bado aliogopa kumdhulumu anayedaiwa.

Baba yangu alipougua niliitwa nyumbani kwa haraka. Niliondoka Nairobi usiku, na jina langu lilikuwa daftarini mbele ya shilingi 640. Nilikusudia kuzipeleka mwisho wa mwezi. Mwezi ukaisha, ukaja mwingine, nikaoa, nikapata watoto, nikawa mtu wa kupanda mimbari na kuwahimiza watu wawe waaminifu. Deni lile halikunitoka akilini. Nililizoea tu, kama mtu anavyozoea mwiba uliokaa sana mguuni.

Niliporudi Makina mwaka huu, nilidhani barabara ndiyo iliyoimaliza hoteli. Julai 2018 nyumba nyingi za Kibera zilivunjwa kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Langata Road, na maelfu ya watu wakakosa makao. Lakini mzee mmoja, fundi wa viatu anayefanya kazi mkabala na mlango ule, alinisahihisha. "Barabara haikupita hapa, sheikh. Hoteli iliuawa na daftari. Watu walikula, wakahama. Mama akakosa pesa ya unga." Hakujua kwamba anazungumza na mmoja wa wauaji.

Mama mwenyewe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Fundi akanielekeza kwa binti yake, anayekaanga viazi na mahamri Kawangware. Nikapanda matatu hadi Dagoretti Corner, nikashika Naivasha Road mpaka Kawangware, nikauliza, nikampata karibu na soko, karai iko motoni. Nikamsalimu, nikajitambulisha. Akanitazama sana. "Wewe ni maalim wa chuo? Wewe ulikuwa unapenda gurusa ya pembeni, iliyokauka." Nilishindwa kujibu.

Nikamwambia nimekuja kulipa. Alinyamaza, akageuza viazi. Nikamuuliza daftari liko wapi. Akaniambia mvua iliingia chumbani, kurasa zikashikana, wakalitupa. Nikamuuliza tena kama mama yake aliwasamehe wadeni wake kabla ya kufa. Hapo aliniangalia usoni. "Hakusamehe, wala hakudai. Tulipomwambia tuwafuate watu, alisema: waacheni, wao wenyewe wanajua."

Maneno hayo yamekuwa mazito kwangu kuliko hutuba nyingi nilizosikia. Daftari la karatasi limeoza, lakini kila aliyekula anayo kurasa yake kifuani mwake, na mvua haiifikii.

Ndugu zangu, aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqarah, haizungumzii sala wala saumu. Inazungumzia kuandikiana deni. Na imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba liliposogezwa jeneza la mtu aliyekufa na deni asiloacha cha kulilipia, Mtume, rehema na amani zimshukie, hakumsalia hadi Abu Qatada alipojitwika deni lile. Hivyo basi, kufungwa kwa duka, kuhama kwa mwenyewe au kupotea kwa daftari hakumfuti mdeni. Hata kifo hakimfuti. Mwenye haki akifa, haki yake huwa ya warithi wake. Wakitafutwa kwa bidii wasipatikane, wanazuoni wengi wamesema kiasi hicho kitolewe sadaka kwa niaba ya mwenyewe, na mrithi akitokea baadaye apewe hiari: airidhie sadaka hiyo au alipwe haki yake.

Nilimpa yule binti shilingi 640 mbali, kisha nikampa na nyongeza, kwa kuwa shilingi ya leo si ile ya zamani. Akaikataa nyongeza akihofu riba. Nikamweleza kwamba riba ni ziada iliyoshurutishwa, ama anayelipa kwa hiari yake zaidi ya alichokopa, bila sharti wala ahadi, huyo amefanya wema. Mtume mwenyewe alikopa ngamia akalipa aliye bora kuliko yule. Hata hivyo hakupokea peke yake. Aliwapigia simu ndugu zake wawili, nami nikasikia wakikubaliana jinsi ya kugawana mirathi ya mama yao, ikiwa ni pamoja na zile shilingi 640.

Kisha nikaagiza chai na mahamri mawili. Nilipomaliza, nikaona nyuma yake ubao mdogo ulioandikwa kwa chaki: Hakuna Mkopo. Nikafahamu ni nani waliouandika. Ni sisi, mimi na wenzangu tuliohama.

Akina mama mnaosoma ukurasa huu, wengi wenu mnauza mahamri, viazi karai na maji ya barafu mlangoni, na mnayo madaftari yenu. Andikeni, na mumwonyeshe mdeni anachodaiwa, kama alivyofanya mama yule. Kudai haki yako kwa upole si aibu. Nasi tunaokopa kwa jirani, tukumbuke kwamba unga wake wa kesho umo ndani ya shilingi hamsini tunazoziona ndogo. Wazee wetu walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Lakini walisema pia kwamba dawa ya deni ni kulipa.

Jioni ya leo, baada ya isha, keti na ahali yako mwandike majina: duka la mahali mlipopanga zamani, fundi aliyewashonea nguo za Idi, mama ntilie wa siku za shule. Walio hai walipwe, waliokufa watafutwe warithi wao, na yasiyowezekana leo yaandikwe katika wasia.

Kufuli la Makina lingali pale pale. Mimi nimelipa shilingi zangu 640, wala sijui ni wangapi bado wanadaiwa. Wao wenyewe wanajua.