Nani atakufundisha kusimama?

Pita kwenye kiwanja chochote cha mpira pembezoni mwa Dar es Salaam saa kumi jioni, kabla wachezaji hawajafika, na hutakosa kukuta somo la pikipiki. Mwalimu ni binamu, au rafiki wa kijiweni. "Achia klachi taratibu. Vuta mafuta. Usiangalie chini, dogo, angalia mbele!" Pikipiki inaruka, inazima, inawashwa tena. Baada ya mizunguko kadhaa kijana anapanga gia bila kukwaruza, na wote wanakubaliana kwamba ameiva. Haipiti wiki utamkuta barabarani, abiria nyuma.

Katika somo zima, breki imetajwa mara moja tu, tena kwa onyo: ya mbele usiiguse, itakupiga mwereka.

Sijui ushauri mbaya kuliko huo anaopewa mwendeshaji mpya, na haufi kwa sababu una chembe ya ukweli ndani yake. Ni kweli watu huanguka kwa breki ya mbele. Huanguka kwa kuibana ghafla, au kuibana wakiwa ndani ya kona, au juu ya mchanga. Lakini pikipiki inapopunguza mwendo, uzito wake huhamia mbele. Tairi la mbele hukandamizwa na kuishika barabara vizuri zaidi, la nyuma hubaki jepesi. Ndiyo maana kwenye lami kavu breki ya mbele hufanya sehemu kubwa ya kazi, takribani asilimia 70. Anayetegemea mguu peke yake ameacha nguvu hiyo yote bila kuitumia, na siku akikanyaga kwa hofu, tairi la nyuma litafunga, litateleza, na mkia wa pikipiki utataka kumpita.

Kinachotakiwa ni kuibana kwa hatua. Usukani unyooke, vidole vianze polepole, uzito uhamie mbele, ndipo uongeze nguvu, huku mguu wa kulia ukisaidia nyuma. Kwenye changarawe na mchanga kila kitu kifanywe kwa upole zaidi, na mwendo uwe umepungua kabla ya kona, si ndani yake. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ni ya kuogopa kuliko zinazofuata, maana inaamsha oili na vumbi vilivyolala juu ya lami. Mistari ya rangi kwenye vivuko vya pundamilia nayo huteleza ikilowa.

Haya hayaingii kichwani kwa kusomewa. Tafuta kipande cha lami kisicho na magari, Jumapili asubuhi na mapema. Weka jiwe pembeni. Njoo kwa kilomita 20 kwa saa, anza kufunga breki ukifika kwenye jiwe, simama, shuka, uhesabu hatua. Kisha kwa 30, kisha kwa 40, na usipandishe mwendo kabla ya kuweza kusimama bila tairi kulia. Mwendo ukiongezeka maradufu, umbali wa kusimama kwa breki huwa mara nne. Na hapo bado hujahesabu muda wa kushtuka: kwenye kilomita 60 kwa saa, sekunde moja ya mshangao inameza karibu mita 17 kabla kidole hakijagusa breki. Ukishazoea, mpakie rafiki mnayeaminiana, mrudi kwenye jiwe lilelile. Pikipiki yenye mtu nyuma ni pikipiki nyingine kabisa.

Mwaka 1981 Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California alitoa ripoti ya uchunguzi wa ajali za pikipiki zaidi ya 900 katika eneo la Los Angeles. Asilimia 92 ya waendeshaji wa pikipiki hizo walikuwa wamejifunza wenyewe, au wamefundishwa na ndugu na marafiki. Kumbe kiwanja chetu cha mpira kipo hata Marekani. Zaidi ya nusu walikuwa na uzoefu usiofika miezi mitano, na si wa kuendesha kwa jumla, bali wa ile pikipiki waliyopata nayo ajali. Deiwaka, yaani dereva wa kushikizwa pikipiki kwa siku, anayepewa leo Boxer, kesho TVS, keshokutwa nyingine ambayo breki yake inashika chini kabisa, ni mgeni kila asubuhi. Kabla ya kupakia mtu, aizungushe mtaani na kusimama nayo mara kadhaa.

Ripoti hiyo ilionyesha pia kwamba pikipiki ilipogongana na gari, katika theluthi mbili ya ajali hizo mwenye gari ndiye aliyeingilia njia, na kwa kawaida hakuwa ameiona pikipiki. Si lazima awe mwongo. Pikipiki inayokuja ni nyembamba, na jicho hudhani kitu chembamba kiko mbali na kinakwenda taratibu. Kwetu tunaoendesha kushoto, gari la kuogopa ni lile linalotoka mbele likitaka kukata kulia. Washa taa hata mchana. Usiridhike kwamba dereva amekutazama usoni; angalia tairi lake la mbele, ndilo litakalokuambia kama gari limeanza kusogea. Vidole viwe tayari juu ya breki.

Kushoto kwa daladala lililosimama usipite, mlango uko huko, na abiria anayeruka chini hakutazamii. Kushoto kwa lori linaloelekea kukata kona ndiyo kabisa. Njia za mabasi ya mwendokasi nazo zinavutia, foleni ikiwa imekaza, lakini zina kingo pande zote, na basi kubwa likitokea huna pa kukimbilia.

Kofia ngumu nayo ina historia yake. Mei 1935, T. E. Lawrence, yule ofisa Mwingereza aliyepigana pamoja na Waarabu katika Vita Kuu ya Kwanza, alikuwa akiendesha pikipiki yake ya Brough Superior karibu na nyumbani kwake Dorset. Kwenye bonde la barabara aliwakuta ghafla vijana wawili wa baiskeli. Akakwepa, akaanguka, na baada ya siku sita akafariki kwa majeraha ya kichwa. Kofia hakuwa nayo. Miongoni mwa madaktari waliomhudumia alikuwamo Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo, na kifo kile hakikumtoka moyoni. Mwaka 1941 alichapisha utafiti juu ya majeraha ya kichwa ya waendesha pikipiki wa jeshi, na kabla mwaka huo haujaisha jeshi la Uingereza likawaagiza wapanda pikipiki wake kuvaa kofia ngumu. Tathmini za baadaye zimeonyesha kwamba kofia hupunguza hatari ya kifo kwa asilimia 42 na ya majeraha ya kichwa kwa asilimia 69.

Hiyo ni kofia iliyovaliwa, si inayoning'inia kwenye kioo ikimsubiri trafiki. Funga mkanda, kisha isukume kwa mkono kutoka kisogoni kwenda mbele. Ikivuka kichwa, ni kubwa kwako. Iliyowahi kugonga lami usiinunue hata kwa bei ya kutupa, kwa sababu povu la ndani hufanya kazi kwa kupondeka, na likishapondeka halirudi.

Abiria naye anahitaji kuambiwa mambo mawili matatu, na mgeni wa kazi huona haya kumwelekeza mtu mzima. "Mama, shika hapa nyuma. Tukiingia kona usijivute upande wa pili. Ncha ya khanga ikunje uikalie." Khanga au baibui ikinaswa na cheni, hakuna ufundi wa breki utakaosaidia. Mshikaki sina haja ya kuueleza: ongeza mtu wa tatu, kisha nenda kahesabu hatua pale kwenye jiwe.

Najua jibu la kijiweni: hesabu ya bosi, ile pesa anayodai kila siku, haisubiri mazoezi. Kwa hiyo maneno haya yanamhusu na mwenye pikipiki. Kijana mpya apewe wiki chache za hesabu ndogo, kazi ya mchana tu, mizigo myepesi badala ya abiria, na leseni iwe mfukoni kabla ya ufunguo. Bosi atasema ni hasara. Aende kwa fundi aulize bei ya shokapu za mbele, rimu, taa na usukani vikipinda kwa siku moja, halafu aongeze siku ambazo pikipiki italala gereji bila kuleta hata shilingi.