Jembe Ninalo, Ardhi Sina

Ndugu zangu wa Uvira, kule Kongo, wakisikia ninalima Marekani, hudhani mashine hufanya kila kitu na serikali hulipia mbegu. Mimi ninalima nusu ekari, kwa jembe, katika jimbo la Maine, kaskazini-mashariki kabisa mwa nchi. Kilimo nilikijua tangu utotoni, na hata katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule Kigoma, Tanzania, hatukuacha kupanda nyuma ya nyumba lengalenga, ambayo Watanzania huiita mchicha. Kinachonitesa huku si kazi ya shamba. Ni shamba lenyewe.

Mwaka 2024 ekari moja ya ardhi ya kulima ilikuwa na bei ya wastani wa dola 5,570 Marekani nzima. Karibu na miji, ambako wateja wetu wanaishi, mkulima hushindana na wajenzi wa nyumba, na hao wana fedha zaidi. Wakulima wenyewe wamezeeka: sensa ya kilimo ya 2022 ilionyesha wastani wa umri wao ni miaka 58.1. Mtu angetegemea uzee huo utufungulie mlango. Lakini kwa wengi wao shamba ndiyo akiba ya maisha. Mwenye nalo huliuza kwa bei ya soko, au huwaachia wanawe.

Basi tunakodi. Mkataba wangu ni wa mwaka mmoja mmoja, na hapo ndipo kila kitu kinapokwama. Udongo wa Maine una tindikali. Unataka chokaa na samadi kwa miaka kadhaa ndipo uzae vizuri. Nani atamwaga jasho na samadi kwenye ardhi ambayo huenda akaambiwa airudishe mavuno yakiisha? Mti wa matunda sipandi. Kisima sichimbi. Mzee mwenye ardhi ni mtu mwema, hajawahi kunidai zaidi ya tulivyopatana, lakini wema wake si hati.

Msimu nao ni mfupi. Baridi ya kuunguza miche huweza kuja hadi mwishoni mwa Mei, na Septemba haijaisha imesharudi. Kitalu nyumba cha nailoni kingenipa wiki nyingi zaidi, na serikali ina mpango wa kuchangia gharama zake. Sharti lake: uonyeshe kwamba ardhi itakuwa mikononi mwako muda wote wa mpango. Mkataba wangu hauwezi kuonyesha hivyo.

Soko, kwa bahati njema, lipo. Wakulima wa mahindi hapa huipigia dawa mimea ya jamii ya lengalenga kama magugu, ilhali akina mama wa Kikongo hunipigia simu kabla sijavuna: "Mama, leo kuna lengalenga?" Hata hivyo mauzo hayalipi kodi ya nyumba. Usiku ninafanya usafi maofisini, na sishangai, kwa kuwa familia nyingi za wakulima wadogo wa Marekani, hata waliozaliwa hapa, huishi kwa mshahara wa nje ya shamba.

Kilichonipa moyo ni Wabantu wa Kisomali wa hapa Maine. Baadhi yao bado wanasema Kizigua, lugha ya mababu waliochukuliwa utumwani Somalia karne ya 19 kutoka nchi ambayo leo ni Tanzania. Shamba lao la pamoja, Liberation Farms, liko kwenye ekari 107 katika mji wa Wales, kwa msaada wa shirika la Agrarian Trust. Mtindo wa shirika hilo ni kuitoa ardhi kwenye biashara ya kununua na kuuza, kisha kuwakodishia wakulima kwa miaka 99. Miaka 99! Mtu anaweza kupanda mti na mjukuu wake akala matunda.

Sisi tunaolima pamoja kwa yule mzee hatujathubutu kuomba mingi hivyo. Tumemwandikia barua tukiomba miaka kumi. Amesema atazungumza kwanza na wanawe.